Si Mimi Niliyejamba, Ni Mheshimiwa

Najua mmeshasikia habari anazoeneza Shiro. Kwamba nimeshushwa kwenye matatu pale steji ya Hamza kwa kuchafua hewa, nikakimbia nikaacha kiatu. Kiatu sikuacha. Mengine ngoja niyaseme mwenyewe kabla hayajafika kanisani.

Kobe niliyekuwa naye si wangu. Ni kobe wa maji wa mjomba, na ana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kabisa. Mjomba alienda Vihiga mazishini, akaniachia beseni, mfuko wa omena na onyo: nisimzoeshe majina. Nikamwita Mheshimiwa, kwa sababu kazi yake ni kula, na ukimuuliza jambo anakunja shingo pembeni, anakupa bega.

Nilimtunza, jamani! Beseni niliweka pale jua linapopiga kutwa, omena nikamwaga bila kupima. Mgongo ukaanza kuota kijani. Mwanzo utelezi tu, baadaye nyuzinyuzi, akiogelea zinapepea. Jirani wa kushoto akasema ni kuvu, imeshafika kwenye ini. Wa kulia akaniletea waya wa kusugulia sufuria. Nikaona nisije nikaua kobe wa mtu. Nikamtia kwenye kiondo, nikamfunika kwa kitambaa kibichi, huyoo kwa daktari wa mifugo.

Sasa hapa twendeni polepole.

Mvua inanyesha. Jogoo Road haisongi. Matatu ya watu 14, madirisha yote yamefungwa, na mimi niko kiti cha nyuma, katikati. Kushoto mzee wa suti, kulia kijana ameziba masikio kwa muziki. Kiondo mapajani. Dereva akafunga breki ghafla, nikasikia kucha zinakwaruza mkonge.

Nikainama, nikanong'ona, "Tulia Mheshimiwa, tunakaribia."

Mzee akanitazama. Akatazama kiondo. Akageukia dirishani.

Ndipo harufu ikaja. Kumbe hawa kobe wa maji wa kwetu wana tezi za uvundo ubavuni, wakiogopa wanazifungulia, lakini hilo hakuna aliyeniambia. Ilikuja kama omena iliyosahaulika ndani ya soksi, ikapanda taratibu kiti kwa kiti kuelekea mbele. Kijana akavua spika moja ya sikio. Mama wa mbele akatoa leso.

"Ni soko la Burma hilo," akasema. "Ni nyama."

"Burma bado, mama," dereva akajibu. "Hapa ni Hamza."

Kimya. Makanga akageuka. "Nani huyo? Ajitokeze tu, hatutampiga."

Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja, vyote vikaishia kwangu. Ningevumilia hayo. Kilichonimaliza ni huruma ya mzee. Aliniinamia, akasema kwa upole, na kwa sauti ya kusikika na gari zima: "Binti yangu, usione haya. Hata mimi maharagwe hunisumbua."

Ninyi mnaonifuata humu, semeni kweli: mngenyamaza? Mimi nilisimama, nikagonga kichwa kwenye paa, nikafunua kiondo nikapaza sauti, "Si mimi! Ni Mheshimiwa!"

Mheshimiwa akachomoza. Kichwa kwanza, halafu mgongo wenye nywele za kijani zinazodondosha maji. Akafungua mdomo.

"Shindwe!" mama wa leso akapiga kelele. Kijana akampanda mzee mapajani. Mlango ulifunguka kabla gari halijasimama vizuri, nauli yangu nikarudishiwa yote (makanga wa Nairobi kurudisha nauli, hebu pimeni uzito wa jambo), nikajikuta kwenye matope nimekumbatia kiondo. Na kiti cha mbele, kichwa kimefunikwa skafu, hanijui simjui, alikuwa Shiro.

Nikafika kwa boda. Daktari akacheka mpaka akakaa chini. Akabonyeza gamba, gumu; akatafuta mashimo na vidonda, hakuna. Ni mwani tu. Jua kutwa kwenye maji, mabaki ya omena na kinyesi, mwani hauhitaji kingine. Akampitishia mswaki laini na maji matupu. Sabuni hapana, na waya ndio kabisa, maana gamba lina uhai na linahisi. Tubadilishe maji, tumwekee jiwe la kupanda akauke vizuri, na tunawe mikono kila tukimshika kwa sababu ya salmonela. Basi. Nililipa pesa ya kuambiwa nikanunue mswaki.

Jana mjomba akapiga simu ya video amwone kobe wake. Nikamnyanyua Mheshimiwa mbele ya kamera, gamba safi, la kahawia.

Mjomba akakaza macho. "Huyo ni nani?"

"Ni yeye, mjomba. Tumemsugua."

"Wangu ni wa kijani."

Akakata simu. Saa hii kwenye grupu ya familia wanajadili nimemuuza shilingi ngapi, na Shiro, ambaye hata si wa ukoo, ameongezwa kama shahidi.