Rivalis: hasimu, au mwenza wa mfereji?

Kilatini kina neno rivus, yaani kijito, na pia mfereji wa kupeleka maji shambani. Humo likatoka rivalis (wakiwa wengi, rivales): mtu anayechota mfereji mmoja na jirani yake. Ndilo lililozaa rival la Kiingereza na Kifaransa, mpinzani. Jirani aligeukaje hasimu?

Wengi hujibu upesi: maji huleta ugomvi. (Wapo pia wanaosimulia maadui wawili kwenye kingo mbili za mto, lakini ukingo kwa Kilatini ni ripa, neno jingine kabisa.) Hao wa ugomvi wana shahidi mzito. Ulpian, mwanasheria wa Roma wa mwanzoni mwa karne ya 3, anaeleza rivales ni akina nani pale pale anapozungumzia mzozo wa maji. Na lipo jiwe la Lamasba, katika Algeria ya leo, la karne hiyo hiyo. Limechongwa majina ya wenye mashamba, na kwa kila jina zamu yake: maji yaanze saa ngapi, yaishe saa ngapi. Wanaoaminiana hawahangaiki kuchonga zamu kwenye jiwe.

Tatizo ni Plautus, mtunzi wa vichekesho aliyefariki mwaka 184 KK, takriban miaka 400 kabla ya Ulpian. Kwake rivales ni wanaume wanaompenda mwanamke mmoja. Tena katika mchezo wake uitwao Stichus, watumwa wawili wenye mpenzi mmoja wanajiita hivyo huku wakinywea kikombe kimoja, wamefurahi, hakuna ngumi. Kinachowaunganisha ni kushiriki.

Kweli, maandishi ya sheria kuchelewa hakumaanishi wakulima walichelewa kugombana. Na mzaha wa Plautus usingechekesha kama watazamaji hawakuujua mfereji. Hata hivyo mimi naegemea kwenye kushiriki. Msemaji wa Kiswahili halimpi shida hili: mwenza ni mshirika, lakini mwite mwanamke "mke mwenza" uone uso wake. Neno ni lile lile, hakuna aliyelibadilisha.

Na Ulpian mwenyewe, ukimsoma polepole, anaanza kwa sharti: ikiwa kati ya rivales pana mzozo. Kwake walikuwa rivales tayari, kabla mtu hajainua jembe.