Miezi minane ya kubofya

Jamani, mie nilitaka kuandika wimbo mmoja tu. Mmoja! Ule aliokuwa akiupiga marehemu babu kwa udi pale barazani Mkunazini, dakika tatu na kidogo, niutie kwenye karatasi usije ukapotea nami. Huu mwezi wa nane. Wimbo haujaandikwa, ila mimi nimekuwa bingwa wa programu za kompyuta ambazo ninyi hamjapata kuzisikia, na Mungu awaepushe nazo.

Chanzo ni pupa. Niko Bremen, Jumapili, kwenye soko la vitu vikuukuu, mara naona udi. Tumbo la nusu tikiti, kichwa kimekunjwa nyuma, euro 200. Nililipa bila kupatana. Mtoto wa Unguja, kulipa bila kupatana! Nimefika nyumbani ndipo macho yananifunguka: nyuzi 15, na shingoni pamefungwa vikamba vya utumbo, kimoja baada ya kingine, kama mtoto aliyevishwa hirizi nane. Udi wetu una nyuzi 11 na shingo tupu. Kumbe nimenunua luti.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mmoja mwalimu mstaafu, akanifariji. Hiyo ni mtoto wa udi, akasema, hata jina ni lile lile: Waarabu walisema al-ud, Wazungu wakameza alifu ikabaki lamu. Sawa, mzee. Lakini mtoto huyu karudi nyumbani na tabia za ugenini.

Tabia ya kwanza ni maandishi yake. Luti ina tablatura: mistari sita ya nyuzi, na juu ya kila mstari unaambiwa kidole ukiweke wapi. Wafaransa wanatumia herufi, a ni uzi mtupu, b kikamba cha kwanza, c cha pili, na vijibendera juu vya kuhesabia mapigo. Waitaliano wanatumia tarakimu, tena wameipindua mistari, uzi mwembamba kabisa uko chini. Hili la kupindua sikuambiwa. Wiki mbili nzima nilipiga wimbo wa Kiitaliano kichwa chini miguu juu, na mke wangu akapita na kikapu cha nguo akasema, "Baba Nasra, leo angalau." Wajerumani nao usiseme. Zamani wao walifuta mistari kabisa, kila mahali pa kidole pakapewa alama yake peke yake, na husemwa aliyebuni mpango huo ni Conrad Paumann wa Nuremberg, mpiga kinanda aliyezaliwa kipofu. Alikufa 1473, Mungu ampumzishe. Sisi wenye macho ndio tuliobaki gizani.

Basi, programu. Mzee kanitajia Fronimo, imetengenezwa na Mtaliano, Francesco Tribioli, makusudi kwa ajili ya tablatura. Jina hilo hilo ndilo la kitabu cha mwaka 1568 cha Vincenzo Galilei, mpiga luti, baba yake Galileo yule wa darubini. Nikasema, hii ndiyo, hii ina ukoo. Inataka Windows. Kompyuta iliyomo nyumbani ni ya Nasra, yenye tofaa mgongoni.

Nikaenda LilyPond. Bure, na wanaoijua wanaiapia. Ila ukiifungua huoni mstari wala nota. Unaandika maneno, mikwaju na mabano, kisha unaiomba ikutolee karatasi. Mimi natoka zamu ya ghalani saa kumi na moja alfajiri, mabano nayaona mawili mawili. Nikamwachia Nasra. Naye akasema, "Baba, kwani huwezi kujirekodi kwa simu?" Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Kuna nyingine, jina nalihifadhi, ilinipa siku 30 za kujaribu. Siku ya 29 nikachapisha. Katikati ya karatasi, kutoka kona hadi kona, imeandikwa NAKALA YA MAJARIBIO kwa herufi kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Mwisho nikatua MuseScore, bure nayo, na tablatura ya herufi imo ndani. Hapo ningemaliza kwa siku mbili, wallahi. Tatizo likawa mimi. Maandishi ya kale yana c inayoandikwa kama r, ili usiichanganye na e. Ikabidi nichague. Nikachagua r. Nikaona inanifanya nionekane msomi. Nikarudisha c. Nikaona imepoa kama chai ya jana. Wiki sita! Saa nane za usiku mtu mzima nimevaa miwani nabishana na herufi moja, na wimbo una mapigo manne tu.

Herufi ikatulia, likaja jambo lenyewe. Wimbo wa babu ni rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti za Kiarabu. Na rasti, anayejua anajua, ina ile sauti ya tatu isiyo juu wala chini, ndiyo inayomfanya bibi mzima anyanyuke kwenda kutunza. Kwenye luti yangu sauti hiyo inakaa uzi wa pili, baina ya b na c. Baina! Kwenye udi unateleza kidole, umefika. Huku programu inaniuliza: b au c? Nikiweka b, msiba. Nikiweka c, bendi ya shule. Nikakisogeza kile kikamba cha c kidogo, uzi wa pili ukalia kama babu kafufuka, lakini kikamba ni kimoja kwa nyuzi zote, uzi wa kwanza nao ukateleza, ukawa unalia kama bawaba.

Ijumaa nikachoka. Nikachapisha karatasi yenye c zake, nikachukua penseli, kila palipo na sauti ile nikachora kijimkia cha kuivuta nyuma. Vijimkia 23. Nikaiacha mezani nikaenda kazini.

Narudi asubuhi, mezani hamna kitu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Unguja kutulelea kichanga, ananipokea anacheka. "Mwanangu, ungesema mapema kama una mtu wa kukuandikia!" Kaona mistari, herufi zisizotamkika, vibendera, mikia ya penseli, kajua kazi ya fundi. Kaikunja mara nane, kaishonea kitambaa cheusi, kaiweka chini ya mto wa mtoto. Na mtoto, ambaye tangu azaliwe hajalala zaidi ya saa mbili, kalala tangu isha.

Nikakimbilia kompyuta nichapishe nyingine. Nasra alihitaji nafasi ya picha zake, kasafisha. Nakala pekee ya wimbo iko chini ya mto, imeshonwa, na mlangoni mke wangu amesimama kidole mdomoni.

"Utaigusa," ananong'ona, "mtoto akiamka utambembeleza wewe."