Jina la Anayeanguka

Januari 2023, Jumapili alfajiri, nilichelewa kazini kwa sababu ya filamu. Daraja la bandari la Sydney lilikuwa limefungwa ili watu wapige picha, nami zamu yangu iko ng'ambo. Nikazungushwa njia ndefu huku nikinung'unika kama abiria wa Likoni ferry kule Mombasa ikizima injini katikati ya maji.

Mwaka uliofuata nikaenda kuitazama filamu yenyewe, The Fall Guy, ya mtu ambaye kazi yake ni kuanguka na kupigwa badala ya stelingi, na kinyongo kikaniisha. Stelingi alikuwa mzuri, lakini kilichonishika ni mwisho. Majina yalipoanza kupanda, wakaonyeshwa wale walioumiza miili yao kweli: huyu anawaka moto, yule anaruka kutoka juu, mwingine anafungwa mikanda ndani ya gari. Gari hilo lilibiringika mara nane na nusu ufuoni, rekodi ya dunia, na aliyekuwa kwenye usukani anajulikana: Logan Holladay. Nilikaa mpaka taa zikawashwa. Niliumia moyo, sitaficha.

Niliumia kwa ajili ya rafiki yangu wa Kisauni. Tumejifunza sarakasi pamoja Bamburi, maji yakitoka, kwa sababu mchanga wa maji kupwa ni mgumu na mguu hauzami. Yeye alinipita mbali. Akawa anapanda juu kabisa ya mnara wa watu, anaruka pete za moto, kila wiki hoteli hii na hoteli ile. Usiku mmoja, hoteli ambayo siitaji, sakafu ilikuwa na maji, aliyembeba akateleza, naye akashukia bega. Mfupa ukavunjika. Alipewa nauli na pole. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini tunayo Kenya tangu 2007, lakini yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ni mfanyakazi wa mtu. Kwenye tangazo la ukutani waliandika "Acrobats". Basi.

Sasa mtazameni David Leitch, aliyeiongoza filamu ile. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuanguka badala ya Brad Pitt. Akapanda. Mwaka 2022 akaongoza Bullet Train, na stelingi wake alikuwa Brad Pitt huyo huyo. Yaani aliyekuwa akipigwa kwa niaba ya mwenzake ndiye sasa anamwambia mwenzake asimame wapi. Wala si wa kwanza. Hal Needham alikuwa akimwangukia Burt Reynolds, na kwa hesabu yake mwenyewe alivunjika mifupa 56. Mwaka 1977 akaongoza filamu yake ya kwanza, ya magari na vicheko, Reynolds mbele ya kamera, ikawa miongoni mwa zilizoingiza pesa nyingi zaidi Marekani mwaka huo.

Na mbona hawa huangukia kwenye vichekesho? Kwa sababu ngumi ya kuchekesha ina hesabu. Mtu akianguka kutoka kitini, cheko liko pale mwili unapogusa chini, na ukikata picha nusu sekunde kabla, umeua kila kitu. Kamera ikae mbali kidogo, miguu ionekane, tuone mtu mzima akianguka. Hilo halijui vizuri aliyesoma tu. Analijua aliyeweka kidevu kifuani na kupiga mchanga kwa mkono ili uti wa mgongo usipokee kishindo chote.

Sisi watoto wa Majengo tulilijua bila kuambiwa. Kwenye kibanda cha video, filamu ikiisha watu huinuka. Lakini ikiwa ya Jackie Chan hatoki mtu, tunangoja pale mwisho anapokosea na kuumia. Naye alianza kwa kuangushwa kwenye filamu za Bruce Lee, kisha akawa mwongozaji.

Nawasikia. "Huyu amekula baridi miaka sita, sasa anatuona washamba." Yakhe, mimi nisiwajue washamba, nimezaliwa wapi? Hapa Sydney sijaona kijana wa kumfikia yule wa pwani ya Mama Ngina, Mombasa, anayejirusha majini kutoka mwambani kisha anarudi kuuza mihogo. Ujuzi tunao, tena wa kumwaga, na ndio maana nakasirika. Asiye na ujuzi angenyamaza.

Mwingine atasema hata Hollywood iliwadharau. Ni kweli. Oscar zimetolewa tangu 1929, na tuzo ya kazi hii imepitishwa 2025 tu, ya kwanza itatolewa 2028. Ni aibu yao. Lakini hata kabla ya tuzo, mtu aliweza kutoka chini ya gari akaenda kukaa nyuma ya kamera. Kwetu mcheza sarakasi akifika miaka thelathini na tano tunamuuliza kama ameshanunua bodaboda.

"Pesa ziko wapi?" Sijaomba pesa. Kuandika jina la mtu kwenye tangazo kunagharimu wino gani?

Rafiki yangu bega lilipona vibaya, haruki tena. Sasa anafundisha watoto Bamburi na kuwapiga picha kwa simu, vichekesho vya dakika mbili: mwizi wa madafu, askari mnene, mbio, mwereka. Mwezi uliopita alinitumia moja. Nimeitazama mara nyingi sana. Mtoto anateleza, anapaa, anatua ndani ya toroli la madafu, na picha haikatiki mpaka toroli limesimama. Nyuma inasikika sauti yake: "Rudi hatua tatu, miguu ionekane!"

Mwisho ameandika majina ya watoto wote saba, hata wa aliyeshika toroli. Lake halimo. Nimemrudishia usiku ule ule, nikamwambia aliandike.