Kitunguu Kikae Chini ya Soseji

Mimi sina ugomvi na sheria. Nimelelewa Tanga na baba mwalimu, fimbo naijua kwa jina lake. Ila hapa Melbourne, jamani, sheria wamezimalizia kwenye vitu vidogo, vile vikubwa vikakosa.

Anzia takataka. Mbele ya nyumba yangu kuna mapipa manne. La mfuniko mwekundu ni la taka zenyewe. La njano ni la makaratasi, makopo na plastiki. La kijani linakula majani, mifupa na maganda ya ndizi. La zambarau ni la chupa tu, halitaki mwenzake. Na hayatoki yote siku moja, ndiyo maana halmashauri inatuletea kalenda: wiki hii hili na lile, wiki ijayo lile na hili. Kalenda hiyo mama watoto kaibandika kwenye friji, juu ya picha yetu ya harusi. Nikauliza. Nikaambiwa harusi haina faini.

Na usidhani hakuna anayeangalia. Nina jirani, mzee mstaafu wa Kizungu, mzaliwa wa hukuhuku, hana kazi ila maoni. Jioni ya kutoa mapipa anapita na mbwa wake akichungulia. Juzi kainua mfuniko wangu wa njano kwa kidole kimoja. "Bwana, boksi la piza hili lina mafuta. Haliruhusiwi humu." Nikamwambia kwetu boksi lenye mafuta ndilo bora zaidi, linawasha mkaa. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kuwasha mkaa nako kuna siku zake, kiangazi kukiwa na tangazo la hatari ya moto huwashi jiko la mkaa uani hata kama nyama imeshalala kwenye viungo.

Basi nikamuuliza kuhusu kitunguu, kwa sababu hilo lilinisumbua siku nyingi. Hapa wikiendi, nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi ya Bunnings, vikundi vya hisani vinachoma soseji kuchangisha fedha. Kipande cha mkate, soseji, kitunguu cha kukaanga, basi, hapo ndipo chakula cha taifa kilipoishia. Mwaka 2018 duka likatoa agizo: kitunguu kikae chini, soseji juu yake. Sababu? Kitunguu kikiwa juu kinaweza kudondoka, mtu akakikanyaga akateleza. Nchi nzima ikasimama. Redio, televisheni, watu wazima wenye mvi wakijadili kitunguu, mpaka waziri mkuu wa wakati ule, Scott Morrison, akaulizwa msimamo wake. Mwaka 2022 soseji hiyohiyo ikapanda kutoka dola 2.50 hadi 3.50, kukawa na kilio kingine. Mzee wangu anakumbuka tarehe zote mbili. Ya kwake ya ndoa anaikumbushwa na simu.

Sasa vuka uende kwenye vitu vikubwa uone.

Nyumba. Australia ni kubwa kuliko Tanzania kama mara nane, na watu wake hawafiki nusu ya wetu. Wao ni milioni 27 na ushee, sisi sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Ukisikia hivyo unasema mtu anajipimia kiwanja kwa macho. Thubutu! Sydney nyumba ya kawaida, ya matofali, yenye uani wa kuanikia nguo, inazidi dola milioni moja. Na hiyo ni ya kununua. Ya kupanga inakuja na maonyesho yake: dalali anatangaza kwamba Jumamosi nyumba itafunguliwa kwa dakika 15. Unafika, foleni imeshapinda kona. Watu wamevaa kama wanakwenda kwenye usaili, wengine wamebeba barua za mwajiri, taarifa za benki, na kuna dada mmoja nilimwona na barua ya sifa za paka wake. Paka alisifiwa kwa utulivu. Mimi sina barua ya namna hiyo hata kwa mtoto wangu wa kwanza.

Mnaingia kwa makundi, mnafungua makabati, mnajifanya mnakagua bomba. Mimi huwa nagonga ukuta na kuitikia kichwa. Sijui nagongea nini, lakini baba mmoja wa Kihindi aliniona akagonga na yeye. Ukuta wenyewe mwembamba, Julai baridi inaingia ndani inakaa na nyinyi sebuleni. Kuhusu pipa zimetungwa kurasa, ila nani wa kumwambia mwenye nyumba kwamba hii bei ni ya ikulu?

Serikali inasema itajenga, ahadi ni nyumba milioni 1.2 kwa miaka mitano, kufikia katikati ya 2029. Mzee jirani akacheka mpaka mbwa akabweka. "Nani atajenga? Mafundi hakuna!" Hapo kasema kweli. Fundi bomba hapa ni mtu wa heshima. Anakuja na gari kubwa kuliko la mkuu wa wilaya, anatoza pesa ya kuja tu, hajagusa koki. Anainama chini ya sinki, anasema "Hmm." Hiyo "hmm" utaikuta kwenye ankara.

Na gesi je? Hii nchi ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa gesi ya kimiminika duniani. Tangu 2015 meli zinapakia Gladstone, kule Queensland, zinaondoka kwenda Asia. Sisi tuliobaki huku mashariki bei yetu nayo ikaanza kufuata ya dunia, na bili ya gesi ikifika Agosti naisoma nimekaa kitako. Mwisho wa mambo, pale bandari ya Port Kembla, kusini mwa Sydney, wamejenga gati ya kuingizia gesi. Kuingiza! Muuza maji ya madafu anakwenda kununua dafu kwa jirani. Mzee wangu husema tatizo ni wanasiasa wa Canberra, wote, bila kubagua chama. Nikimuuliza alimpigia nani kura anabadilisha mazungumzo, anaingia kwenye nyambizi.

Nyambizi anazipenda kwa kuzichukia. Mwaka 2021 Australia ikavunja mkataba na Wafaransa, ikaingia kwenye mpango wa AUKUS na Marekani na Uingereza, nyambizi za nyuklia, makadirio ya juu dola bilioni 368 hadi miaka ya 2050. "Nitakuwa nimeshakufa," anasema, "na nazilipia." Nikamwambia mzee, usiseme hivyo, Mungu atakuweka. Akasema akiwekwa ndiyo vibaya zaidi, atazilipia mpaka ya mwisho.

Nirudi kwenye kura, maana hapo ndipo nchi hii inaponichekesha kwa wema. Kupiga kura si hiari. Tangu 1924 sheria iko hivyo, na usipokwenda kwenye uchaguzi wa taifa unatumiwa barua ya faini ya dola 20. Unapiga Jumamosi, mara nyingi shuleni, na nje kuna, ndiyo, soseji. Wenyewe wanaiita soseji ya demokrasia. Kazi iko ndani. Karatasi ya mbunge huweki tiki moja ukaondoka. Unawapanga wagombea wote kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho. Hata yule usiyetaka kumwona kwenye bango, naye mpe namba yake, la sivyo kura imeharibika. Wa kwanza namjua nikiwa nyumbani. Kinachonikalisha kibandani ni nani awe wa saba na nani wa nane, maana hapo wanalingana kwa ubaya. Na hii ni ndogo. Ya Seneti mwaka 2013, kule jimbo la New South Wales, ilipita mita moja kwa upana, maandishi madogo hata watu wakawekewa vioo vya kukuzia.

Ukishajipinda hivyo kumchagua kiongozi, chama chake chenyewe kinamng'oa. Kati ya 2010 na 2018 mawaziri wakuu wanne waliondolewa na wenzao wa chama: Rudd, kisha Gillard aliyemwondoa Rudd akaondolewa na Rudd, halafu Abbott, halafu Turnbull. Waziri mkuu Anthony Albanese aliposhinda mara ya pili mfululizo Mei 2025, ikawa hakuna mwingine aliyefanya hivyo tangu Howard mwaka 2004. Mpinzani wake, Peter Dutton, akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Mzee jirani siku hiyo alikaa barazani na bia, akasema matokeo mabaya, ila yangekuwa kinyume yangekuwa mabaya vilevile.

Sikukuu sizilaumu sana, nazila. Lakini siku ya kuzaliwa kwa Mfalme, yule wa Uingereza ambaye huku naye ni wao, inanitatiza. Charles kazaliwa tarehe 14 Novemba. Sisi wa Victoria, jimbo la Melbourne, tunamsherehekea Juni, Australia Magharibi Septemba, Queensland Oktoba. Novemba tunapumzika kwa ajili ya farasi, ile Jumanne ya kwanza, mbio za Melbourne Cup. Na kuna Ijumaa ya mapumziko kwa sababu kesho yake kuna fainali ya mpira wao wa miguu, ule wanaoushika kwa mikono. Sikukuu ya kujiandaa na mechi! Simba na Yanga miaka yote hiyo hawajatupatia hata nusu siku.

Kubwa la mwaka huu nyumbani kwangu ni simu. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na kampuni ikizembea inaweza kupigwa faini ya hadi dola milioni 49.5. Mimi niliunga mkono, nikapiga meza kabisa. Mwanangu ana miaka 14 na nywele mbili kidevuni. Mashine ikampima uso, ikaridhika ni mtu mzima. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka kunyoa. Mashine ikanitazama, ikafikiri, ikaniomba kitambulisho. Mama watoto alicheka tangu magharibi hadi isha, kisha akampigia shangazi Tanga amsimulie, na hapo ndipo nikapata msiba wangu wa usiku.

Kwa sababu shangazi sasa anapiga kila siku. Saa zetu Oktoba zinasogezwa mbele, Queensland wanakataa, Adelaide wanatofautiana na sisi kwa nusu saa, nani alikaa akaamua nusu saa, na Tanga hawana habari na lolote kati ya haya. Kiangazi tunawatangulia kwa saa nane. Shangazi akimaliza kula saa moja usiku, kwangu ni saa tisa usiku wa manane.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umelala?"

Hilo nalo swali. Anataka nimchukue binamu yangu, fundi bomba. Namweleza: ndiyo, wanalilia mafundi, lakini cheti chake cha ufundi cha VETA lazima kipimwe upya na watu wa huku kwanza. Basi aje kusoma, anasema. Shangazi, ombi la viza ya mwanafunzi lilikuwa dola 710, Julai 2024 likawa 1,600, Julai 2025 likawa 2,000, na wakikunyima hawarudishi. Akanyamaza kidogo. Nami, kwa kuwa usingizi umeshakwenda, nikamfungulia moyo: mapipa, dalali, gesi, nyambizi, fundi wa "hmm". Nilisema kwa kirefu. Akaniitikia kila kituo, pole mwanangu, pole baba.

"Maisha gani hayo," akasema. "Sasa kile chumba cha uani nimekipiga rangi. Unarudi lini?"

"Shangazi? Haloo? Mtandao wa huku mbaya sana, sikusikii."