Fizi Zinazotoka Damu si Shida ya Mdomo Peke Yake

Kwa karibu mwaka mzima nilitema povu lenye wekundu wa damu kila asubuhi, nikaliona jambo la kawaida. Nikifika kwenye magego ya chini, upande wa kushoto, nilipitisha mswaki juujuu tu ili nisipachokoze. Kumbe kwa kupaogopa ndivyo nilivyokuwa nikiyalea maradhi yenyewe.

Siku nilipokwenda kwa daktari wa meno, alichukua kifimbo chembamba chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi huku akimsomea msaidizi wake namba: mbili, tatu, tatu, sita. Penye ufizi wenye afya kifimbo hicho huishia milimita 1 hadi 3. Kwangu kilizama hadi 6, na sikuwa nimewahi kulala nikilia jino hata usiku mmoja. Kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho umepima sukari lini?"

Nilipima, ikawa sawa. Lakini swali lile halijanitoka, kwa sababu lina msingi. Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana. Sukari ikiwa juu, mwili hushindwa kuwadhibiti bakteria walioko kwenye ukoga. Fizi nazo zikivimba, kemikali za uvimbe huingia kwenye damu na kuufanya mwili usiitikie insulini, homoni inayoshusha sukari, inavyotakiwa. Mwaka 2022 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi yalionyesha kuwa mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu, hushuka kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Mtu anaweza kuona ni kidogo. Mimi naona ni kikubwa, kwa kuwa kimepatikana kwa kukwangua ukoga uliogeuka jiwe, bila kuongeza kidonge hata kimoja.

Ndiyo maana nakasirika. Mgonjwa wa kisukari hukaguliwa macho, hukaguliwa nyayo, na ni haki yake. Ni wangapi huambiwa wafungue mdomo? Tumekizoea kinywa kama kiungo cha kukodi, chenye daktari wake na faili lake, ilhali damu inayopita kwenye ufizi ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye moyo.

Kuhusu moyo nitasema kwa tahadhari, maana wapo wanaotia chumvi. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi na kusema uhusiano upo, hata ukiondoa athari za sigara na mengineyo, ila haijathibitika kwamba fizi mbovu ndizo zinazoleta maradhi ya moyo, wala kwamba kuzitibu huyazuia. Lililo wazi ni kwa wenye vali za bandia: bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kuganda pale na kuleta maambukizi ya kuua. Na kwa wazee wasioweza kumeza vizuri, mate yenye bakteria hao yakiteremka mapafuni huleta nimonia.

Kinachonipa moyo ni jaribio la zamani la mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake, lililochapishwa mwaka 1965. Waliwataka watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kufikia wiki ya tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Wakarudia mswaki, na baada ya takriban wiki moja fizi zikapona. Hatua hiyo ya mwanzo hurudi nyuma. Mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haujiotei tena wenyewe. Na mvutaji sigara asijipe matumaini kwa kutoona damu: sigara hupunguza damu kwenye fizi, ikauficha ugonjwa huku ukiendelea chini.

Ninachotaka kiwe sehemu ya kila kliniki ya kisukari ni swali ambalo halihitaji mashine: ukipiga mswaki, fizi zinatoka damu? Akijibu ndiyo, apelekwe kwa daktari wa meno siku hiyohiyo, kama anavyopelekwa kwa wa macho.

Mimi nilisafishwa, nikafundishwa kupiga mswaki palepale nilipokuwa napakwepa, na kupitisha uzi katikati ya meno kila usiku. Wiki ya kwanza damu ilizidi, nikataka kuacha. Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye kile kiti, kifimbo kikapita tena: mbili, tatu, mbili, nne.