Kesi ya unajisi haimalizwi kwa mbuzi

Juzi mtu mmoja aliniambia, tena kwa kuridhika, kwamba kesi ya binti wa jirani yake imekwisha. Baba ya mtuhumiwa katoa mbuzi wawili na pesa kidogo, wazee wakashuhudia, chai ikanywewa. Msichana mwenyewe hakuulizwa. Hasira haijanitoka hadi leo.

Wazee hao hawana mamlaka hayo. Hapa Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kiliacha uamuzi wa kusitisha kesi kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya chifu, si ya baba mzazi.

Polisi nao tunawajua. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba walivunja Katiba kwa kupuuza malalamiko ya wasichana walionajisiwa. Mwezi uliofuata, kule Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge, na waliokamatwa wakafyekeshwa nyasi kituoni kisha wakaachiliwa. Saini zaidi ya milioni moja za kumdai haki zilikusanywa, na 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Asiye na watu milioni nyuma yake je?

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila mzazi anayepokea mbuzi ana tamaa. Wengine wamechoka. Leo shahidi hakuja, mwezi ujao faili halionekani, safari nyingine hakimu yuko likizo. Kila mara ni nauli, ni kibarua kilichoachwa, na mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana, wanapishana naye njiani. Kesi nyingi hufia hapo, kwenye benchi la korido, kabla msichana hajafungua kinywa.

Kwa hiyo nendeni naye. Kwanza hospitali, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge, nguo zake zitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Kisha mahakamani, kila tarehe, hata ile mnayojua itaahirishwa. Tunachanga matanga na harusi. Tuchange na nauli hii. Mkisikia kikao cha wazee kimeitishwa, mwambieni kiongozi wa mashtaka siku hiyohiyo. Msipojua pa kuanzia, pigeni 1195, ni bure, usiku na mchana.