Kodi yako ni PHP, ila chini yake kuna C

Sisi tunaoandika tovuti kwa lugha ya PHP tunapenda kuambiana kwamba mambo ya memori ni shida za watu wa C na C++, sisi huku hatuna pointa (anwani za memori), hatuombi memori wala hatuirudishi, injini ya PHP inafanya yote. Hata mimi nimeisema hii miaka mingi tu. Siku hizi nikiisikia nakasirika kabisa, maana hiyo injini yenyewe imeandikwa kwa C, na zile ekstensheni (nyongeza za PHP) zinazofungua phar, zip na picha nazo ni C.

Chukua CVE-2023-3824 (CVE ni namba ya tundu la usalama linalojulikana), iliyotangazwa Agosti 2023. Phar ni kifurushi, unafungasha programu nzima ya PHP kwenye faili moja halafu PHP inaisoma kama vile ni folda. Sasa pale inapoorodhesha vilivyomo, kodi ya C inachukua jina la kila faili inalinakili kwenye bafa, yaani nafasi ya memori yenye ukubwa maalumu, iliyoko kwenye steki (memori ya muda ya programu), na ukaguzi wa urefu wa hilo jina haukutosha. Basi, ni hilo tu. Jina likizidi linamwagikia kwenye memori isiyo yake, na aliyelitunga anaweza kuangusha programu yako, au akiwa fundi kweli akaendesha kodi yake ndani ya seva yako. Na wewe ulichoandika ni opendir na readdir, amri za kufungua na kusoma folda, mistari miwili, mtu makini kabisa akiikagua anaipitisha, kwa sababu kosa haliko hapo.

Ndo maana sikubali mtu akisema "andika kodi safi utakuwa salama". Usafi wa kodi yako haufiki huko chini, huko kinachofika ni apdeti. Marekebisho yalikuja kwenye matoleo ya PHP 8.0.30 na 8.1.22, na tawi la 8.2 nalo likarekebishwa, lakini seva ngapi zilipandishwa? Februari 2024 polisi wa nchi kadhaa walipoteka seva za genge la LockBit, kiongozi wao mwenyewe aliandika kwamba anadhani waliingilia tundu hilihili, kwa kuwa alizembea kuapdeti PHP. Kama ni kweli au la, anayejua ni polisi, ila watu wanaoishi kwa kudukua wenzao wanazembea, sembuse sisi.

Halafu kuna hili la kuiacha phar wazi kwenye tovuti ambayo haiihitaji. Sawa, Composer (zana ya kupakua maktaba za PHP) yenyewe huwa inakuja kama phar, lakini hiyo ni ya kwenye terminali, unakoandika amri, ombi la kawaida la mtumiaji linaitakia nini? Kuizima ni mstari mmoja, stream_wrapper_unregister('phar'). Na usijitulize eti unapokea picha za JPEG tu, tangu 2018 ilishaonyeshwa hadharani kwamba phar inaweza kuvaa sura ya picha.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mteja wangu mmoja, hosti yake bado iko PHP 7.4 na kila nikiuliza naambiwa "mbona inafanya kazi". Wanasema pia 7.4 haimo kwenye tangazo la hiyo CVE. Haimo kwa sababu iliachwa Novemba 2022, watunzaji wa PHP hawaitolei tena marekebisho, kwa hiyo ikiwa na tundu lilelile hakuna wa kuja kuwaambia. Wiki hii namwandikia tena, na safari hii sitaomba, naihamisha tovuti mwenyewe.